Tujenge pori pamoja na watoto wetu

Baba anayerudi kutoka kare, ikiwa ni Rubaya, Walikale ao Numbi, anajua swali linalomngoja ku mlango. Hata mbele ya kutua mzigo, watoto wanauliza: «Papa, umetuletea nini?» Wengine wanaleta mikate, wengine biskuti, wengine viatu vya masomo. Kuna pia wale wanaorudi mikono mitupu, wanaingia ndani kichwa chini na kulala. Sisi wazazi wa Mapendo tunaoishi na maneno haya mwezi kwa mwezi, tunaona kuna jibu moja linalosahauliwa sana, na haliombi feza nyingi: kutandika mkeka, kukaa chini na mtoto, na kujenga kitu pamoja naye.

Tunasema kujenga, hatusemi kununua. Kuna baba wengi wanaofikiri kama deni la mtoto linalipwa kwa kitu. Analeta simu ndogo, analeta gari la plastiki lenye kuwaka taa, anampa mtoto, kisha anatoka kwenda kuona marafiki. Kesho yake taa imezimika, gari liko mu rigoli, na baba anasema: «Hawa watoto hawajui kuchunga.» Lakini mtoto hakuombea gari peke yake. Amekaa miezi mitatu bila kumwona baba. Alichokuwa anaomba ni baba mwenyewe, hata kwa saa mbili.

Kwetu, kitu kilichotufungua macho ni kisanduku cha vitofali vya plastiki, vile vyenye vifundo juu vinavyoshikana kimoja na kingine. Shangazi ya watoto alikituma kutoka Ubelgiji, ndani ya valizi ya mtu aliyekuwa anakuja Goma. Havikuwa vipya, watoto wengine walivichezea mbele. Juu ya kisanduku mulikuwa picha ya pori: miti mirefu, mto, daraja la kamba, mnyama anayeonyesha meno. Vipande vingine vilikosekana, na karatasi ya kuonyesha namna ya kujenga ilibaki nusu.

Hiyo nusu ilitosha. Ile karatasi haina neno hata moja ndani. Ni picha, namba ya hatua, na vipande vya kutafuta. Baba aliyeacha masomo darasa la tatu na mtoto aliye darasa la pili wanaisoma sawasawa. Tuseme ukweli: wengi kati yetu tunakwepa kukaa na mtoto mbele ya daftari ju tunaogopa atatupita. Mbele ya hii karatasi hakuna anayempita mwenziwe. Mtoto anatafuta kipande cha kijani chenye vifundo vinane, baba anahesabu vifundo. Baba anaweka upande usiofaa, mtoto anasema: «Papa, geuza.» Na papa anageuza. Ni mara ngapi mu nyumba zetu mtoto anamwambia baba «geuza», na baba anageuza bila hasira?

Wengine watasema: hiyo ni michezo ya wazungu, watoto wa wachimbaji hawaihitaji. Tuwajibu kwa historia. Hivi vitofali havikuanza kwa tajiri. Vilianza kwa seremala wa kijiji, Ole Kirk Christiansen, mu Billund, inchi ya Denmark. Mwaka 1932 feza ilikuwa imekauka ulimwenguni, watu hawakujenga tena nyumba, na seremala akakosa kazi. Akachukua mbao zake, akaanza kutengeneza vitu vidogo vya nyumbani na vya kuchezea watoto. Jina alilopatia kampuni yake, LEGO, lilitoka ku maneno mawili ya luga yao, «leg godt», maana yake «cheza vizuri». Tofali la plastiki tunalolijua sasa liliandikishwa tarehe 28 Januari 1958. Mahesabu yao yanaonyesha kama vitofali sita tu vya aina moja, vyenye vifundo vinane, vinaweza kushikanishwa kwa namna zaidi ya milioni 915. Vitofali sita! Hata nyumba yenye vipande kumi na tano vilivyobaki ina kazi ya maisha yote.

Sasa tujiulize: seremala aliyekosa kazi na kuanza kuchonga, huyo hatumjui? Tunamjua sana. Ni yule wa kwetu anayechonga chukudu. Kwa mti na mpira wa tairi kuukuu ametengeneza kitu kinachobeba mifuko ya makala na viazi kutoka milimani paka mu soko, mpaka mji wa Goma ukaisimamishia chukudu sanamu. Na nyuma ya kila chukudu kubwa kuna zile ndogo, wanazochonga watoto wenyewe na kuteremka nazo ku miteremko wakipiga kelele. Akili ya kujenga haikuja hapa ndani ya valizi. Ilikuwako.

Kwa hiyo, mzazi asiye na shangazi Ulaya asikae akingoja. Pori inaweza kujengwa na vitu vya parseli. Udongo laini unafinyangwa tembo na ngagi, kama watoto wa Masisi wanavyofinyanga ng'ombe. Mabua ya mahindi yanakuwa miti, na visoda vinakuwa kobe. Waya unakunjwa nyoka. Mawe meusi ya volkano, hayo hatukosi, yanakuwa milima, na tena ni Nyiragongo wa kweli kuliko wa plastiki. Kopo la tomati linakatwa gari la walinzi wa pori. Mkubwa njo akate, mtoto asishike bati lenye makali. Na hapo mchimbaji ana neno la kumwambia mtoto wake. Kopo hilo ni chuma kilichopakwa bati, na bati linatoka ndani ya kasiteriti, yale mawe mazito anayoyatoa baba chini ya ardi. Watoto wetu wengi wanajua kama baba anachimba. Hawajui kile anachochimba kinakwenda kuwa nini. Kopo la tomati mkononi linaeleza kuliko maneno mingi.

Tuingie sasa mu pori yenyewe, ju hapo baba wa kare njo anakuwa mwalimu. Visanduku vingi vya pori vinavyotengenezwa ngambo vinachanganya wanyama kama supu: simba karibu na tembo, na pembeni yule chui mkubwa mwenye milia, watu wanamwita tigri. Mtoto wetu alipanga wote pamoja chini ya mti mmoja. Baba, ambaye amelala usiku mingi ku njia ya Walikale, akasema: «Tigri haiko kwetu. Ni ya Asia. Simba ni wa mbuga ya majani, kule Rwindi. Mu pori yenye miti imeshikana hautamwona. Utamwona chui, na chui atakuona mbele.» Mtoto akafungua macho. Kwa mara ya kwanza baba hakuwa mtu anayerudi na matope na madeni. Alikuwa mtu anayejua.

Na kuna mengi ya kujua. Hii Virunga tunayoitazama kila asubui, kama mawingu hayajafunika, ni pori yenye kulindwa tangu 1925, ya kwanza mu Afrika kuitwa parke ya taifa. Mwaka 1979 ikaandikwa kati ya urizi wa dunia nzima. Ngagi wa milimani wanaishi ku volkano zake, wanazidi kidogo elfu moja tu ukiwahesabu pamoja na wale wa Rwanda na Uganda. Ngagi wengine, wakubwa zaidi, ni wa pori za huku chini, kama Kahuzi-Biega na Maiko. Hao hawapatikane inchi ingine yoyote, ni wa Kongo peke yake. Okapi naye hivyohivyo, mwenye miguu ya milia kama punda milia lakini ni ndugu ya twiga. Watu wa sayansi wa Ulaya walimpa jina mwaka 1901, na Wambuti wa Ituri walikuwa wanamjua tangu babu za babu zao. Mu kisanduku chetu okapi hakuwemo. Tulimtengeneza kwa udongo, tukamchora milia na makala. Sasa njo mnyama anayegombaniwa kuliko wote.

Hapo kuna neno gumu ambalo hatutaki kulipita. Pori hiyo tunayojenga ku mkeka, sisi wenyewe ni sehemu ya wanaoila. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda mu soko la dunia, watu maelfu waliingia ndani ya Kahuzi-Biega kuchimba. Watu wakichimba wanakula, na chakula cha karibu kilikuwa nyama ya pori. Tembo na ngagi wa upande wa bonde waliuawa kwa wingi. Hatusemi haya ili kumtupia mchimbaji mawe. Mchimbaji hakupanga bei, hakuleta vita, na faida kubwa haikubaki mkononi mwake. Lakini mtoto atauliza, na mzazi asiye na jibu atadanganya. Afazali tuanze kulijibu sasa, wakati pori iko bado ya vitofali na inaweza kujengwa upya ikianguka.

Kwetu swali lilikuja namna hii. Miti ilikuwa imesimama, mto umepita, ngagi amekaa na mtoto wake. Mtoto akauliza: «Papa, shimo lenu tuliweke wapi?» Mama akamtazama baba, na baba akakaa kimya kidogo. Kisha akaonyesha pembeni, mbali na mto, akasema: «Tuliweke hapa. Maji ya kuosha mawe yasishuke kwa wanyama.» Hatujui kama kuna ofisi iliyowahi kupanga kare kwa akili hiyo.

Wakajenga shimo. Baba akasimamisha nguzo mbili, juu akalaza kipande kirefu, akaeleza kazi ya miti chini ya ardi: nguzo zikiwa mbali sana cha juu kinainama, zikikaribiana kinashika, na mvua ikinyesha siku tatu hata nguzo nzuri haziaminiki. Mtoto akasukuma nguzo moja kwa kidole. Yote ikaanguka. Akauliza: «Papa, wewe ulikuwa ndani?»

Hakuna aliyecheka. Mu Mapendo, na mu kila kartié inayotuma watu ku kare, tunajua nyumba ambamo swali hilo limekwisha kujibiwa. Tangu siku ile, baba akifunga mzigo wa kuondoka, mtoto anamuuliza kama miti ya shimo inatosha. Ni swali ambalo wenye mashimo wengi hawapendi kuulizwa na wafanyakazi wao. Likitoka kwa mtoto wa miaka saba, baba analibeba paka Rubaya, na kule linakuwa zito kuliko koti la mvua. Mutu akiulizia mchezo unafaa nini, jibu letu ni hilo.

Wengine watatuambia: «Sisi tulikua kwa kazi, si kwa michezo. Mtoto aje ku kare ajifunze maisha.» Hapa hatukubali hata kidogo. Sheria ya madini ya 2002 inapatia karata ya mchimbaji mtu mzima, si mtoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na kazi zinazomharibu. Na mapatano ya haki za mtoto ya 1989, ambayo inchi yetu ilitia mkono, yanasema ku kipengele cha 31 kama mtoto ana haki ya kupumzika na ya kucheza. Hata bila sheria, tazameni kwa macho: mtoto anayebeba mfuko wa mawe mgongoni hajifunzi kujenga, anajifunza kubeba. Anayetafuta namna ya kusimamisha daraja lisianguke, anaharibu, anaanza tena, huyo anajifunza kazi. Kama kweli tunataka mafundi, fundi wa daraja, fundi wa umeme, hata injinia wa migodi ambaye hatamzika mwenzake, tuwaanzishe ku mkeka.

Wengine watasema: «Vita imetuharibu, njaa iko, nani ana moyo wa kucheza?» Neno hilo lina uzito, ju ni la kweli. Lakini tuliona watoto ku kambi, Bulengo na Lushagala, walivyojenga vijumba kwa vipande vya shitingi na mawe, siku chache baada ya kukimbia. Hakuna mtu mzima aliyewaagiza. Mtoto aliyebomolewa nyumba anajenga nyumba. Ni namna yake ya kusema kile ambacho hana maneno ya kukisema. Mzazi anayekaa pembeni na kumpa jiwe lingine anamsaidia kuliko anayemfokea aache uchafu.

Tufike ku kugawana, ju hapo njo pagumu. Kisanduku kikiingia mu parseli yenye nyumba nne, habari inafika mbele ya kufunguliwa. Siku ya kwanza watoto kumi na moja walikuwa mlangoni. Kukifunga ndani ingekuwa rahisi, na ingemfundisha mtoto wetu kama mali ni ya kuficha. Kukiacha wazi ingekuwa mwisho wake ndani ya siku mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole hamsini mu kisanduku kimoja vinavunja yote. Basi wazazi wa parseli tulikaa, tukapatana, na tunawapa mapatano yetu, kila mtu akamate yanayomfaa.

Moja: vitofali vinatoka Jumapili nyuma ya kanisa, na siku moja katikati ya juma, na mtu mzima mmoja anakaa hapo. Hata nenda-rudi ya jikoni inatosha, mradi kuna jicho. Mbili: vinahesabiwa vikitoka na vikirudi, na watoto wenyewe njo wanahesabu, wadogo wamejifunza kuhesabu kupita mia moja bila kujua kama ni somo. Tatu: hakuna mnyama wa mtu. Ngagi ni wa wote, na anayemshika leo, kesho anashika mti. Nne: watoto walio chini ya miaka mitatu wanapewa udongo na mabua, si vipande vidogo, ju vinaweza kuwasakama ku koo. Tano: wasichana wanajenga sawa na wavulana. Hii ya tano ilibishaniwa kuliko zote, na sasa daraja refu kuliko yote limejengwa na msichana wa nyumba ya pili.

Ugomvi haukuisha. Kuna siku ya machozi, kuna siku kipande kimepatikana mu mfuko wa mtu. Lakini tumeona jambo tusilolingoja: watoto wakigombana, wanarudi ku mapatano kuliko kurudi ku ngumi. «Tulisema kila mutu saa yake.» Mu mji huu ambamo wakubwa wanagombania ardi na mashimo kwa silaha, hatuwezi kulidharau neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto.

Tunawaomba wazazi mambo machache. Kwa baba wa kare: ukirudi, mbele ya kuhesabu madeni na kutafuta marafiki, mpatie mtoto saa mbili za mchana, simu ikiwa imezimwa. Usiguse feza ya masomo kununua kisanduku. Udongo ni wa bure. Kwa mama wanaotwanga na kuosha mawe, na wale wanaobaki mu Mapendo kuchunga nyumba peke yao: mchezo si kazi mpya ya kuongezwa juu ya kichwa chenu, mkubwa wa watoto anaweza kuuchunga, na nyinyi mukae mukipumzisha miguu. Kwa wenye masomo na wa kanisa: watoto wana vakansi ndefu na parseli fupi, fungueni chumba kimoja, muweke mkeka. Na kwa ndugu walio Ulaya wanaoulizaga watume nini: pamoja na nguo, tieni vitofali, hata vya kuchezewa.

Pori ya kweli iko pale juu, ina shida zake, na wale watakaoilinda ao kuimaliza wako leo na miaka saba. Mashimo nayo yako, na baba wataendelea kushuka maana nyumba inakula. Hatuwezi kubadilisha hayo yote ku mkeka mmoja. Lakini mtoto aliyejenga pori na baba yake anajua mto unapita wapi, nguzo inashika nini, na zamu ya mwenzake inafika saa ngapi. Mtu mzima asiyejua hayo matatu ni hatari. Basi tuwafundishe kungali mapema, na kila mmoja wetu aanze na wale walio ku mlango wake.